Kufinyanga vyombo vya nyumbani na bustanini: anza na swali la maji

Anayeanza ufinyanzi huniuliza kwanza habari ya gurudumu, anunue la umeme au la kukanyaga kwa mguu. Mimi humrudisha nyuma kidogo. Swali la kwanza ni maji. Chombo unachotaka kitashika maji, kitayaachia yatoke, au kitayavujisha polepole? Ukishalijibu hilo, umeamua udongo wa aina gani, ukuta wa unene gani, moto wa kiasi gani, na kama utapaka glezi, yaani utando wa kioo unaoyeyukia juu ya chombo, au utauacha udongo mtupu. Chombo cha maua ya kukatwa kikivuja kitaharibu meza. Chungu cha kupandia kisichotoa maji kitaozesha mizizi. Na chungu cha kuzikwa bustanini ili kimwagilie mimea chenyewe, hicho kisipovuja hakina kazi. Udongo unaweza kuwa uleule na mikono ileile, lakini hivi ni vyombo vitatu vyenye tabia tatu.

Gurudumu unaweza kuliacha kabisa. Yote nitakayoeleza hapa hufanywa kwa mkono juu ya ubao. Ukiwa na kisahani cha kuzungusha, vizuri. Ukikikosa, zunguka wewe.

Udongo

Udongo wa dukani huja umeshachujwa na kukandwa, na mfuko wake huandikwa kiwango cha moto unaohitaji na kiasi cha kusinyaa. Soma hayo mawili kabla ya kulipa.

Ukichimba mwenyewe, anza na kipimo cha kidole. Lowesha udongo kidogo, ukande, viringisha kamba yenye unene wa penseli, kisha izungushie kidoleni. Ikikatika, mchanga umezidi na mnato ni mdogo. Ikipinda na kuonyesha nyufa ndogondogo, udongo huo utafaa kwa vyungu vikubwa. Ikipinda bila ufa wowote, mnato ni mkubwa. Mkono utaufurahia sana, lakini utasinyaa mno wakati wa kukauka, na utahitaji kuchanganywa na kitu cha kuutuliza.

Kipimo cha pili sikiruki kamwe: siki. Dondosha matone machache juu ya donge kavu. Likitoa povu, ndani mna mawe ya chokaa. Chembe hizo zikipita motoni hugeuka chokaa isiyozimwa, na chungu kikishatoka zinaanza kunyonya unyevu wa hewani, zinavimba, zinabandua vipande vya ukuta. Chungu unakitoa kizima, unakisifu, baada ya siku chache kina vishimo, na katikati ya kila kishimo pana kitone cheupe. Unaweza kujaribu kuchuja kwa chekeche laini sana. Mimi hutafuta udongo mwingine.

Udongo uliochimbwa uache ukauke kabisa ndipo uuloweke. Wengi hudhani wenye unyevu ndio utakaolainika upesi, kumbe ni kinyume. Donge kavu ukilitia majini linajipasua lenyewe na kusambaratika likawa tope; donge la unyevu hukaa vilevile kutwa. Koroga, chuja, acha litulie, mwaga maji ya juu, kisha tandaza tope kwenye kitambaa kizito au kibao cha plasta hadi likandike bila kunata vidoleni. Lifunge kwenye plastiki uliache livunde wiki kadhaa. Harufu nzito ikianza kutoka usilitupe: mnato unaongezeka.

Chombo chochote cha bustani, na chochote kitakachochomwa kwa moto wa wazi, kinataka chenga za vigae ndani yake. Kusanya vyungu vilivyovunjika, vile vilivyochomwa visivyo na glezi, vilowanishe ili vumbi lisipae, viponde na kuchekecha upate chenga zenye ukubwa wa milimita 1 hadi 2. Changanya sehemu 1 ya chenga na sehemu 4 au 5 za udongo. Chenga zimeshasinyaa motoni mara moja, hazisinyai tena, kwa hiyo mchanganyiko mzima unatulia. Zinaufungulia mvuke njia ya kutokea. Na ufa mdogo ukianza kutembea, hukutana na chenga ukaishia hapo. Kwa bakuli dogo la mezani punguza au ziache, maana zinakwaruza mkono na mdomo.

Kisha kanda. Kata donge kwa uzi, bamiza nusu moja juu ya nyingine, sukuma kwa viganja, kata tena utazame uso uliokatwa. Ukiona vitundu au mistari ya rangi mbili, bado.

Kabla ya kufinyanga chochote chenye vipimo, jua udongo wako unasinyaa kiasi gani. Tengeneza kibao cha urefu wa sentimita 12, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, kikaushe, kichome, pima mstari upya. Ukipata sentimita 9, udongo unasinyaa asilimia 10. Basi ukitaka chungu cha kipenyo cha sentimita 20, gawanya 20 kwa 0.9: finyanga cha sentimita 22 na kidogo. Kifuniko na kisahani chake vifinyange siku hiyohiyo, kwa udongo wa donge hilohilo, vikauke pamoja. Kifuniko kilichotengenezwa baadaye kwa kukisia hakikai.

Chungu cha maua kwa kamba za udongo

Tandaza gazeti juu ya ubao. Gazeti litasinyaa na kuteleza pamoja na kitako, la sivyo kitako kitang'ang'ania ubao na kupasuka katikati. Piga bonge la udongo liwe bapa lenye unene wa sentimita 1, likandamize kwa ukingo wa kibao kutoka pande zote, kisha kata duara.

Kamba viringisha kwa viganja vilivyonyooshwa, ukianzia katikati na kuelekea nje, unene wa kidole gumba. Ikianza kuwa bapa unaibana kupita kiasi; isokote kidogo uendelee kwa mkono mwepesi. Ikitoa mikwaruzo juu, udongo umeanza kukauka: upitishie kitambaa chenye maji. Tengeneza kamba kadhaa kwa pamoja, uzifunike.

Kwaruza ukingo wa kitako kwa uma, paka uji mzito wa udongo huohuo, weka kamba, na sasa ndiyo kazi yenyewe. Kwa ndani, shusha udongo wa kamba kwa kidole gumba hadi ufunike kiungo chote. Kwa nje, shusha au pandisha kwa kidole cha shahada huku mkono wa pili ukishikilia ukuta upande wa ndani. Usitosheke na kulainisha juujuu. Chungu kinachopasuka kwa mstari mlalo, safi kana kwamba kimekatwa, kilipasukia kwenye kiungo ambacho kwa macho kilikuwa laini na ndani kilikuwa kamba mbili zilizolaliana tu.

Baada ya kamba 3 au 4, pumzika. Funika ukingo kwa kitambaa chenye unyevu, uache sehemu ya chini ikaze ili ibebe uzito wa juu. Ukitaka chungu kipanuke, kamba inayofuata iweke kuelekea ukingo wa nje. Ukitaka kijifunge, iweke ndani. Mkono wenyewe huwa unasukuma ukuta nje bila wewe kutaka, kwa hiyo jenga ukiwa umejibana kidogo kuliko umbo ulilonalo akilini. Umbo likipotoka, piga kwa nje na kibao chepesi huku kokoto la duara likishikilia ndani. Mapigo hayo pia yanashindilia udongo, na ukuta uliopigwa ni imara kuliko uliolainishwa kwa maji.

Ukingo wa juu uwe mnene na wa mviringo. Ndio unaogongwa na ndoo, na ndio watu wanaoukamata wakihamisha chungu. Na tafadhali, chungu cha kupandia kisiwe na tumbo pana na mdomo mwembamba, hata kama kinapendeza. Siku ya kuhamisha mmea, bonge la mizizi halitatoka. Itabidi uvunje kimoja kati ya viwili.

Sasa subiri hadi udongo ufikie ugumu wa ngozi. Hali hiyo ijue kwa mkono: ukucha unaacha alama lakini ukuta haupindi, kisu kinatoka safi bila tope, rangi imepauka kidogo ukingoni na bado ni nzito chini. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na kwa kupinda ukuta ni kweli tupu. Lakini kutoboa, kukwangua na kubandika miguu kunataka saa hii. Toboa kitako kuanzia ndani kwenda nje. Chungu cha sentimita 20 kinatosheka na tundu moja la milimita 12 hadi 15. Kipana zaidi kipe matundu matatu, na kumbuka tundu nalo litasinyaa. Bandika miguu mitatu mifupi, iliyo na unyevu sawa na kitako, ili tundu lisizibwe na sakafu. Mguu mbichi kwenye kitako kikavu utadondoka, uji upake upendavyo.

Kisahani chake, kama vigae vya ukutani na sinia za bapa, tengeneza kwa kutandaza udongo kwa mpini wa mviringo kati ya fito mbili zenye unene wa milimita 8. Geuza bapa mara kwa mara. Linyanyue likiwa juu ya kitambaa, usilikunje: udongo uliokunjwa ukanyooshwa hurudi kukunjamana ukikauka au ukiwa motoni. Likikaza kidogo likaushie kati ya mbao mbili.

Kukausha

Vyombo vingi nilivyoletewa vikiwa na ufa, na mwenyewe akilaumu moto, vilipasukia rafuni. Udongo unasinyaa maji yanapotoka kati ya chembe zake. Ukingo mwembamba ukikauka leo na kitako kinene kikakauka kesho kutwa, ukingo unakuwa umeshajifunga wakati kitako kinaanza kuuvuta.

Kwa hiyo funika sehemu zinazokimbilia kukauka: ukingo, mishikio, ncha. Plastiki nyepesi juu ya ukingo, kitako wazi. Chungu kikikaza vya kutosha, kipindue kisimamie mdomo wake juu ya fito, hewa ipite chini. Kiweke mbali na jua na mbali na dirisha lenye upepo, maana upepo wa upande mmoja unakausha upande mmoja.

Namna ya kujua kimekauka: kiweke shavuni. Kikiwa baridi kuliko hewa ya chumba, maji bado yanatoka. Ukitaka uhakika zaidi, tumia mizani ya jikoni. Pima asubuhi, pima jioni, andika. Uzito ukiacha kushuka siku mbili mfululizo, kimekauka kadiri hewa inavyoruhusu. Napenda sana kipimo hiki kwa sababu hakina ubishi.

Hata hapo, maji kidogo yamebaki. Kwenye nyuzi 100 za Selsiasi maji yanageuka mvuke, na mvuke unadai nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Ukuta mnene ukipashwa haraka, mvuke haupati njia, chungu kinalipuka. Wafinyanzi wengi hulaumu kiputo cha hewa. Kiputo kilicho kikavu hakilipui kitu. Mlipuko unatoka kwa maji yaliyonaswa.

Moto

Kama una tanuri, mwendo ni huu. Acha tundu la hewa wazi, kaa chini kidogo ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa, usiku mzima kwa vyombo vinene. Baada ya hapo panda kama nyuzi 100 kwa saa hadi 600. Katika safari hiyo, kuanzia karibu nyuzi 450, yanatoka maji mengine, yale yaliyofungwa ndani ya udongo kikemia. Yakishatoka, udongo hautarudi kuwa tope tena. Kwenye nyuzi 573 chembe za kwazi, zile za mchanga, hubadilika ukubwa ghafla, zikipanda na zikishuka. Ndiyo sababu tanuri halifunguliwi kwa pupa. Panda hadi karibu nyuzi 1,000 kwa chombo cha udongo mwekundu, zima, usifungue mpaka ndani pashuke chini ya nyuzi 100. Kipimajoto kinakuambia joto la hewa tu. Koni ndogo za kupimia, zinazopinda zikishashiba moto, zinakuambia udongo wenyewe umepata nini. Weka koni kila safari.

Moto wa wazi nao unafaa kabisa kwa vyombo vya bustani, mradi udongo una chenga. Chagua siku tulivu, mahali pasipo nyasi kavu wala matawi juu, maji karibu, nguo za pamba, wala usivae nailoni. Panga vyungu kandokando ya moto mdogo, uvigeuze, saa kadhaa, hadi visishikike kwa mkono mtupu. Hatua hii ndiyo inayookoa kazi yote. Kisha tandaza kuni nyembamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe, laza vyungu juu ya vigae, midomo yake ikitazama chini, funika kwa kuni, zungushia vigae vikubwa, washa. Joto la namna hii hufika kati ya nyuzi 600 na 900. Ngoja jua lizame ndipo uone rangi: wekundu hafifu wa giza ni karibu 600, wekundu wa kukolea ni karibu 800. Vyungu vyote vifike kwenye wekundu wa kukolea. Acha jivu livifunike hadi vipoe vyenyewe.

Rangi za chungu zinatokana na pumzi ya moto. Chuma kilicho ndani ya udongo kikipata hewa ya kutosha kinakuwa chekundu. Moto ukifukiwa kwa unga wa mbao au kinyesi kikavu hadi ukose hewa, chungu kinatoka cheusi. Madoa yanayochanganya yote mawili ni alama za mahali kuni zilipougusa ukuta. Mimi siyafichi.

Pima ulichopata. Gonga kwa kifundo cha kidole: sauti inayolia ni njema, sauti iliyokufa ina ufa au moto haukutosha. Loweka kigae kimoja usiku kucha. Kikilainika, rudia kuchoma.

Glezi nitaisema kwa kifupi, maana nyumbani inatakiwa mahali pachache. Ni utando wa kioo unaoyeyukia juu ya chombo kilichochomwa. Chombo cha kula au kunywea kipake glezi ya dukani iliyoandikwa kwamba ni salama kwa chakula, isiyo na risasi wala kadimiamu, uichome kwenye kiwango hasa kilichoandikwa. Glezi ya kubuni mwenyewe isiende mezani. Milimita 5 za mwisho za kitako zifute kabisa, la sivyo chombo kitaganda kwenye rafu ya tanuri. Chombo cha maua ya kukatwa, nakushauri ukifinyange kwa udongo wa moto mkali, wa nyuzi 1,200 na zaidi, ambao mwili wake wenyewe unajifunga. Udongo mwekundu wa moto mdogo hata ukipakwa glezi huweza kupenyeza maji kwenye nyufa zisizoonekana. Kusugua kwa kokoto kunaleta mng'ao wa kupendeza katika moto mdogo, lakini hakuzuii maji, na ukipita nyuzi 1,000 mng'ao hupotea.

Na chumba cha kazi kisifagiliwe kikavu. Vumbi la udongo lina silika, na silika ikivutwa kwa miaka huharibu mapafu bila dawa. Futa kwa kitambaa chenye maji, kila siku.

Chungu cha kumwagilia kinachozikwa

Hiki ndicho ninachowasihi watu wakijaribu. Wakulima wa Uchina walikitumia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na hakuna kilichobadilika. Unazika chungu kisicho na glezi hadi shingoni, unakijaza maji, ukuta unayaachia polepole kwenye udongo wa bustani. Udongo ukikauka unavuta zaidi, ukilowa unavuta kidogo. Uso wa juu unabaki mkavu, magugu yanakosa maji, jua halipati cha kukausha.

Finyanga kwa kamba, tumbo la mviringo, shingo nyembamba ya kuingiza mkono, kifuniko. Hakina tundu chini. Ukuta uwe wa milimita 6 hadi 8 na usawa kote. Kwa kukagua usawa, chomeka sindano kabla haujakaza. Usiusugue kwa kokoto, usiupake chochote isipokuwa shingo, ambayo itakuwa juu ya ardhi na unaweza kuipaka glezi au rangi ili maji yasipotelee hewani. Moto usizidi. Karibu na nyuzi 900 kinakuwa imara na bado kinapumua; ukikipeleka kwenye moto mkali vitundu vitajifunga.

Kijaribu kabla ya kukizika. Kijaze, kiweke juu ya matofali kivulini. Baada ya saa chache ukuta wa nje unatakiwa uwe umekolea rangi na uwe na unyevu mkononi. Matone yanayotiririka ni dalili ya ufa. Ukuta mkavu hadi kesho yake ni moto uliozidi. Hicho kifanye pambo.

Chimba shimo pana, shindilia udongo pande zote uguse ukuta, maana palipobaki pengo maji hayavuki. Panda miche shibri moja kutoka kwenye ukuta, au karibu zaidi kama bustani yako ni ya mchanga. Kifuniko kikae daima, kuzuia mbu na uvukizi. Jaza kabla hakijakauka kabisa, kwa maji yasiyo na tope. Kila mwisho wa msimu kifukue, usugue ukuta kwa brashi ngumu, kwa sababu chumvi na vumbi laini huziba vitundu. Kwenye nchi za baridi ya kugandisha kiingize ndani mapema: maji yakiganda yanapanuka karibu asilimia 9, na chungu kilicholowa hakiwezi kuhimili hilo. Mboga za majani, nyanya na matango hukifaidi kuliko vyote. Usikizike chini ya mti: mizizi yake itakizunguka, na ikinenepa itakipasua.